Deni la Baba

Katika miaka yangu ya ualimu niliwahi kumnyima kijana mmoja ukiranja kwa sababu ya baba yake. Baba huyo alikuwa amekula fedha za chama cha ushirika, na kijiji kizima kilijua. Kijana mwenyewe hakuwa na kosa lolote. Walimu wenzangu waliponiuliza, niliwajibu kwa methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Wakacheka, kikao kikaendelea.

Msemo wa jamaa hiyo ndio uliomkasirisha nabii Ezekieli. Yeye alichukuliwa mateka hadi Babeli mwaka 597 K.K., na miaka 11 baadaye Yerusalemu ikateketezwa. Wayahudi wa uhamishoni walizoea kusema kwamba wazazi ndio waliokula zabibu mbichi, lakini ukakasi umebaki vinywani mwa watoto. Siwalaumu sana, maana katika Amri Kumi zenyewe umo uovu wa baba unaopatilizwa hata kizazi cha tatu na cha nne. Ezekieli, katika sura ya 18, aliukataa msemo huo: kila mtu atajibu kwa matendo yake, na mwovu akigeuka ataishi. Wengi husikia hapo faraja. Mimi nasikia na karipio pia, kwa kuwa msemo ule ulikuwa kisingizio kizuri. Kama kosa ni la baba, mimi nitubu nini?

Marabi wa Talmudi hawakuogopa kusema kwamba Musa alitoa hukumu ile na Ezekieli akaja kuifuta. Wengine walizipatanisha kauli hizo mbili: mwana hupatilizwa pale tu anapoyashika matendo ya baba yake kwa mikono yake mwenyewe.

Hata hivyo, zaidi ya miaka 100 baada ya Ezekieli, siku za Nehemia, watu walikusanyika Yerusalemu wamefunga na kuvaa magunia, wakaungama dhambi zao pamoja na maovu ya baba zao. Kwa nini, ikiwa hawakudaiwa? Kwa maoni yangu, walijua kuwa kosa la baba lisipotajwa kwa jina lake, mwana hulishika akidhani ni desturi.

Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliifafanua toba kama fundi: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia, na kuungama kwa kinywa. Lakini ukimkosea binadamu mwenzako, hata Siku ya Upatanisho haikufai mpaka umwendee umridhishe. Asipokubali, urudi, hata mara tatu.

Mwaka juzi nilimwendea yule kijana, ambaye sasa ana wajukuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaagiza chai. Hakusema kwamba amenisamehe. Aliniuliza tu:

"Mwalimu, methali ile uliisema mbele ya walimu wote?"

Nikamjibu ndiyo. Tukanywa chai. Nimekwenda mara moja tu.