Bustani ya mboga nyumbani katika milima ya baridi: namna ya kuanza na franka chache



Katika makanisa yetu ya milimani kuna neno linalorudi kila tunapokutana: bugali inapatikana, maharagi yanapatikana mara moja moja, lakini mboga zimekuwa ghali. Barabara ikifungwa, mboga ndizo za kwanza kupotea sokoni, kwa sababu hazikai siku nyingi njiani. Mwenye shamba mbali na nyumba anaogopa kwenda kulilima. Aliyekimbia vita hana shamba kabisa.

Bustani ndogo karibu na mlango haimalizi shida hizo zote, wala haichukui nafasi ya shamba. Lakini inaweza kuwapa watoto majani mabichi mara kadhaa kwa juma, na hilo si jambo dogo. Shauri letu lina mambo matatu: anza na udongo kabla ya kununua mbegu, panda kidogo kidogo, na utunze mbegu yako mwenyewe.

Baridi inabadilisha nini

Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Butembo inapita mita 1,700. Vijiji vingi vya Lubero, Masisi na milima ya Itombwe viko juu zaidi. Kila ukipanda mita 100, joto linapungua kwa zaidi ya nusu digrii. Kwa hiyo mboga ileile inakawia kukua huku juu kuliko Uvira au Beni. Lengalenga ambayo kwenye joto huvunwa baada ya majuma manne inaweza kutaka sita au zaidi. Usiing'oe ukifikiri imekufa.

Baridi ina faida yake pia. Kabichi, ambayo wengi tunaiita shu, hufunga vizuri mahali penye ubaridi. Karoti, puaro, vitunguu na njegere hupenda hali hiyo pia. Nyanya ndiyo inayoteseka, kwa maana baridi pamoja na mvua huleta ukungu unaochoma majani na matunda kwa siku chache tu.

Udongo kwanza

Tumeona watu wengi wakitoa franka zao za mwisho kununua pakiti ya mbegu, wakaimwaga katika udongo uliochoka, wakavuna miche myembamba ya manjano. Kosa halikuwa la mbegu. Mwenye pesa kidogo aanze na mbolea ya takataka, maana hiyo hainunuliwi.

Kusanya majani, maganda ya ndizi na ya viazi, nyasi, na samadi ya sungura, mbuzi au kuku kama unayo. Panga kwa tabaka: kavu, bichi, udongo kidogo, kisha rudia. Lundo liwe na kimo cha karibu mita moja na upana kama huo, kwa sababu lundo dogo haliwezi kushika joto lake mahali pa baridi. Lifunike kwa majani ya migomba ili mvua isilioshe. Choma fimbo katikati yake. Ukiitoa baada ya siku chache na kuikuta ina joto, kazi inaendelea. Ukiikuta baridi na kavu, ongeza maji. Geuza lundo kila baada ya majuma mawili au matatu. Huku juu hesabu miezi mitatu au minne mpaka liwe jeusi, lisilo na harufu mbaya.

Majivu ya jikoni yanafaa pia, hasa Walungu, Kabare na kwingine ambako udongo mwekundu ni mchachu. Nyunyiza kiasi kidogo tu, uchanganye na udongo. Yakizidi yanaharibu. Samadi mbichi usiiweke kwenye mboga: inaunguza mizizi na inaweza kubeba magonjwa ya tumbo.

Asiye na kiwanja: bustani ya mfuko

Wakaaji wa Goma wanajua shida ya kulima juu ya mawe. Nyiragongo ilifunika sehemu ya mji kwa lava mwezi wa kwanza 2002, na mwaka 2021 moto ukashuka tena. Penye mawe kama hapo, au katika kambi, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha kuanza. Usichukue mfuko uliobeba simenti au dawa za shamba.

Changanya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya mbolea iliyooza, na uendelee kwa kipimo hicho mpaka mfuko ujae. Simamisha katikati ya mfuko kopo lililotolewa kitako, ulijaze mawe madogo, kisha uweke mchanganyiko wako pembeni. Vuta kopo juu kidogo, ongeza mawe na udongo, endelea hivyo mpaka juu. Ile nguzo ya mawe ndiyo inayopeleka maji mpaka chini. Acha mfuko utulie siku mbili tatu, kisha toboa matundu ubavuni, ukiacha kiganja kimoja na nusu kati ya tundu na tundu. Panda miche ya lengalenga au ya mboga nyingine ya majani ubavuni, na vitunguu au shu mbili juu. Karoti usizipande ubavuni, zinahitaji kina.

Weka mfuko mahali panapopata jua la asubuhi. Ukiuegemeza kwenye ukuta unaopigwa na jua, ukuta huo utarudisha joto kidogo usiku.

Kupanda kidogo kidogo

Usipande pakiti nzima siku moja. Ukipanda yote, utakula shu kwa majuma mawili kisha ukose kwa miezi mitatu. Panda mstari mmoja, ngoja majuma mawili, panda mwingine.

Shu na puaro huanzia kitaluni. Miche ya shu hukaa huko majuma matano au sita, kisha huhamishwa na kupewa nafasi ya sentimita 40 hadi 50. Puaro huhamishwa ikiwa nene kama kalamu, nayo hudai uvumilivu wa karibu nusu mwaka. Karoti hupandwa palepale zitakapokulia, hazipendi kuhamishwa. Nyanya ipande chini ya ukingo wa paa ili mvua isiyapige majani yake, uifunge kwenye mti, na uondoe majani yanayogusa ardhi.

Mwagilia asubuhi, si jioni. Majani yanayolala na maji kwenye baridi hukaribisha ukungu. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, wakati wa ukame, maji yaliyosafisha mboga au mchele yanatosha mfuko mmoja, mradi hayana sabuni nyingi. Wakati huo ndio mboga za sokoni huwa ghali, basi andaa miche mapema, mwezi wa nne au wa tano.

Jani lenye ugonjwa litoe, ulipeleke mbali na bustani wala usilitie katika lundo. Mahali palipougua nyanya, usirudishe nyanya, biringanya wala viazi mviringo msimu unaofuata. Panda maharagi au shu. Dawa kali za shamba usizipige kwenye majani ambayo watoto watakula kesho.

Mbegu ya kununua na mbegu ya kutunza

Hapa ndipo franka nyingi hupotea. Mbegu ya shu na ya karoti ni vigumu kuipata nyumbani katika nchi yetu, kwa sababu mimea hiyo hudai majuma mengi ya baridi kali ili itoe maua. Hizo tunanunua. Lakini ukikata shu, usiing'oe shina. Litachipua pembeni, na vichipukizi hivyo ukivitoa na kuvipanda kivulini vinaweza kushika mizizi.

Lengalenga, maharagi na njegere ni zetu. Acha mimea miwili au mitatu ya lengalenga iliyo mizuri kuliko yote, usiichume. Vichwa vikikauka, vikate, visugue juu ya kitambaa na upepete. Hifadhi mbegu kavu katika chupa pamoja na majivu kidogo, mahali pasipo na moshi wala unyevu. Pakiti iliyoandikwa F1 usihangaike kuitunzia mbegu, watoto wake hawatafanana na mzazi.

Kabla ya kupanda mbegu ya zamani, weka kumi ndani ya kitambaa chenye unyevu. Zikiota saba au nane, panda. Zikiota tatu, tafuta nyingine.

Mezani na kanisani

Osha majani vizuri kwa maji safi, na usiyapike mpaka yapoteze rangi. Tia mawese kidogo, kwa sababu mafuta humsaidia mtoto kupata vitamini A iliyo ndani ya majani.

Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mbali na kwao kwamba wapande bustani na kula matunda yake hukohuko ugenini. Hakuwaambia wangoje kwanza warudi nyumbani. Kundi la mama katika kila parokia linaweza kuweka sanduku la mbegu: kila anayechukua kijiko kimoja arudishe viwili baada ya mavuno. Wapokee kwanza waliokuja wamekimbia.

Mbegu ni mali nyepesi. Nyumba haibebeki, shamba halibebeki, lakini mbegu za lengalenga zinaingia katika fundo la kitambaa. Basi kila jamaa iwe na fundo lake, na jirani yake awe nalo pia.