Kioda na Kitabu: Watunzi wa Kike wa Mwambao wa Nyasa katika Historia ya Fasihi

Historia ya waandishi wa kike wa Kiswahili imezoea njia moja. Huanzia Pate mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utenzi akiwa mgonjwa. Hupitia kwa Salme binti Said wa Zanzibar, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Kisha huruka hadi Dar es Salaam ya miaka ya 1970, kwa Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Mbinga, kusini mwa Tanzania, na mwambao wa Ziwa Nyasa, Liuli hadi Mbamba Bay, hapatajwi. Sababu inayotolewa ni kwamba huko kalamu ilichelewa, ikaja na wamisionari wa Likoma na Wabenediktini wa Kigonsera mwishoni mwa karne ya 19. Sababu hiyo inachanganya utunzi na unakili. Utenzi wa Mwana Kupona ulidumu kwa kuwa Pate na Lamu zilikuwa na watu wa kuunakili kwa hati za Kiarabu na kuughani, hadi ukachapwa. Wanawake wa Kimatengo na wa Kinyasa nao walitunga: kioda ni ngoma yao, mwenzi wa mganda wa wanaume, na katika mashindano ya vikundi wimbo mpya ndio silaha. Walichokosa ni mnakili. Hata hadithi za Wamatengo zilipochapishwa mwaka 1908, jina lililobaki katika orodha za maktaba ni la padri aliyezikusanya, Johannes Häfliger.

Atakayesema kwamba wimbo wa ngoma ni fasihi simulizi, na una somo lake, amfikirie Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini santuri alizorekodi Bombay kuanzia 1928, pamoja na wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, vimempa nafasi ambayo hakuna anayeihoji. Pingamizi zito zaidi ni kwamba pasipo jina wala tarehe, mwanahistoria atajikuta anabuni bibi wa kumsifu. Hilo nalikubali, na kishawishi hicho kipo. Ila historia ya fasihi haihesabu majina pekee. Hufuata pia tanzu, na utanzu huu una wakati wake: mganda ulichipuka kutokana na beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kioda kikaenda nao sambamba. Kinachostahili sura katika vitabu vyetu, basi, ni utanzu wenyewe, bila kumzulia mtunzi. Martha Mvungi alipoziingiza ngano za Wahehe na Wabena katika Three Solid Stones (1975), alihesabiwa mwandishi, na ni haki yake. Lakini sanaa ya watambaji aliowategemea haikuzaliwa mwaka huo, na Mbinga inatofautiana na nchi za Wahehe na Wabena kwa kukosa Mvungi wake tu.