Changarawe na Kahawa: Njia za Baiskeli katika Bonde la Ngono

Siku hizi umeenea duniani mchezo wa kuendesha baiskeli katika barabara zisizo na lami. Huko Kansas, Marekani, mashindano mashuhuri ya aina hiyo yalianza mwaka 2006. Kenya ilianza ya kwake katika njia za changarawe za Maasai Mara mwaka 2021, na mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Maji ya mto Nyabarongo, unaopita kando ya Kigali, huingia katika mto Kagera, na Kagera huyapeleka katika Ziwa Victoria kaskazini ya Bukoba. Basi haitakuwa ajabu iwapo wapanda baiskeli watayafuata maji hayo hadi nchi ya Wahaya, wakavutiwa na njia nyekundu za Bukoba na Muleba. Kabla hawajafika, yafaa tujiulize: njia hizo zilitengenezwa na nani, kwa ajili gani, na baiskeli ilifanya kazi gani humo kabla haijawa kitu cha michezo?

Nchi yenyewe imejipanga kama mawimbi. Matuta marefu ya mawe ya mchanga yanakwenda sambamba na ufuo wa ziwa, kusini hadi kaskazini, na baina yake mna mabonde yenye majimaji. Bonde kuu ni la mto Ngono, unaoteremka kutoka upande wa Muleba na kwenda kaskazini kukutana na Kagera karibu na Kyaka. Bukoba mjini hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, lakini kadiri unavyoelekea magharibi ndivyo mvua inavyopungua. Watu wamekaa juu ya matuta, katika vibanja vya migomba na mibuni. Kati ya kijiji na kijiji iko rweya, yaani uwanda wa nyasi ambao udongo wake ni hafifu. Kwa sababu hiyo kila njia ya huko ni ya kupanda na kushuka: unatoka katika kivuli cha migomba, unakatiza rweya juani, unateremka bondeni, kisha unapanda tuta la pili.

Njia hizi ni kongwe kuliko gurudumu. Katika kijiji cha Katuruka, Maruku, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimbua, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Wazee ndio waliomwelekeza, kwani masimulizi yao yalikuwa yameihifadhi habari ya mahali pale pa uhunzi pamoja na jina la Mukama Rugomora Mahe. Chuma kilihitaji makaa, makaa yalihitaji msitu, na vyote viwili vilihitaji watu wa kuvibeba. Baadaye falme za Kiziba, Kyamutwara, Kianja na Ihangiro zilikuwa na njia zao za kupelekea kodi na ujumbe katika makao ya Bakama. Hata sisi watu wa visiwani tuna sehemu yetu katika historia hiyo. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, waliotoka pwani kupitia Unyanyembe, walikuwa na kituo chao Kafuro katika Karagwe, magharibi ya nchi tunayoizungumzia. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861 alikuwa akifuata njia ambayo misafara ilikwishaizoea.

Mwaka 1890 Emin Pasha aliweka kituo cha kijeshi cha Wajerumani Bukoba. Wajerumani walitawala kupitia Bakama, na aliyeshirikiana nao kwa ukaribu kuliko wote alikuwa Kahigi wa Kianja. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kahawa. Zao hili halikuwa geni. Tangu zamani Wahaya walikuwa wakitafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, wakiwakaribishia wageni, na buni mbili za tunda moja zilitumika katika kiapo cha udugu wa damu. Ila upandaji wake ulikuwa chini ya mamlaka ya Bakama. Kilichoigeuza kahawa kuwa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo ni reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo gunia la Bukoba liliweza kuvuka ziwa kwa meli na kushuka hadi Mombasa. Jambo lililobaki gumu lilikuwa kulifikisha gunia hilo kwenye gati. Ndipo watu walipoagizwa kupitia watawala wao kufyeka, kuchimba na kusawazisha njia, chini ya Wajerumani na kisha chini ya Waingereza walioishika nchi mwaka 1916. Changarawe tunayoiona leo ilianza kumwagwa na mikono ya watu ambao wengi wao hawakuwa na hiari.

Bei ya kahawa ilipopanda katika miaka ya 1920, baiskeli ziliingia vibanjani. Ni vyema tuipime faida yake kwa jicho la mkulima. Aliyebeba mzigo kichwani alifika kwa mnunuzi wa karibu na akauza kwa bei aliyoikuta, kwani kuurudisha mzigo nyumbani kulikuwa adhabu. Mwenye baiskeli alifunga gunia zima kwenye keria, akaliendesha mteremkoni na kulisukuma mlimani. Bei isipomridhisha hapa, alikwenda mbele. Pamoja na gunia zilisafiri habari pia: bei ya sokoni, barua, magazeti, na maneno ya chama. Bukoba Bahaya Union iliundwa mwaka 1924, na miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Klemens Kiiza, aliyepigania baadaye haki ya wakulima kuuza kahawa yao wenyewe. Mwaka 1937 serikali ilipotaka kuwalazimisha wakulima kufuata kanuni zake za utunzaji wa mibuni, watu waliandamana na kukataa. Wao waliona kwamba aliyeanza kwa kuingia kibanjani mwao kukagua mti angemaliza kwa kuutwaa.

Hata hivyo, tusiipambe baiskeli kupita kiasi. Kahawa ilikuwa mali ya mwanamume, na kibanja kilirithiwa na mwanamume. Baiskeli ikafuata mkondo huohuo. Mwanamke aliyelima mazao yake katika rweya aliendelea kubeba kichwani, katika njia ileile, huku baiskeli zikimpita. Mtu akisema kwamba gurudumu lilileta uhuru, aulizwe lilimletea nani.

Baada ya vita vya pili vya dunia wakulima walijenga chama kikuu cha ushirika, mwaka 1950, na bei ya mwaka 1954 ilijenga nyumba nyingi za bati na kusomesha watoto wengi. Lakini mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na kahawa ikawa chini ya shirika la umma. Bei ya ndani ilipokuwa duni na bidhaa zikaadimika, njia za kuelekea mpaka wa Uganda zikapata kazi mpya, ya magendo. Usiku gunia lilikwenda kaskazini. Nguo, sabuni na sukari zikarudi.

Katika kipindi hichohicho vita vilipita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliivamia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na mapema Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Maelfu walikimbia kusini kwa miguu, na walioweza waliweka watoto na vyombo juu ya baiskeli. Baada ya vita mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina la mto huo. Kisha mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika hospitali ya Ndolage, Kamachumu. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Jina hilo linatuonyesha kwamba wanakijiji walijua vizuri barabara yao inaleta nini.

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Katika miaka ya 2000 lami ilitandazwa kutoka Mutukula hadi Bukoba na kuelekea Muleba, na muda si mrefu pikipiki za boda-boda zikachukua abiria na mizigo. Hapana haja ya kulilia jasho la kusukuma gunia mlimani. Mgonjwa anayefikishwa hospitali kwa nusu saa badala ya nusu siku hana sababu ya kuitamani njia ya kale. Lakini barabara kuu inapochukua safari zote, njia za pembeni hubaki za mwenye kibanja na za mvua, na masimulizi yake hufifia pamoja nazo. Hapo mchezo wa baiskeli waweza kuwa na manufaa, kwa sharti moja: njia isiuzwe kama mandhari tupu.

Mfano mwema upo. Wanakijiji wa Katuruka wenyewe walianza, mwishoni mwa miaka ya 2000, kuihifadhi sehemu ile ya kale na kukusanya masimulizi ya wazee wao. Mgeni anayetoka Bukoba kwa baiskeli aweza kusimama hapo kwanza, akapanda Kamachumu, akapita Rutabo alikotoka Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, kisha akafuata bonde la Ngono hadi Kyaka kwenye daraja. Hiyo ni historia ya miaka 2,000 katika safari ya siku chache. Kila kituo kina watu wanaostahili kulipwa kwa kuisimulia, na wanawake wa rweya wasiachwe nje ya hesabu hiyo kama walivyoachwa nje ya keria.

Na kahawa bado inasafiri. Mwaka 2018 serikali iliagiza ipite katika vyama vya ushirika, ikapiga vita butura, yaani kununua kahawa ya mkulima ingali mtini kwa bei ya dhiki yake. Anayeuza kwa butura ni yule asiyeweza kungoja. Babu yake alipopata baiskeli alipata uwezo wa kukataa bei na kwenda mbele. Uwezo huo ndio uliokuwa ukitafutwa katika njia zile tangu mwanzo, na mkulima wa bonde la Ngono hajaacha kuutafuta.