Kikombe cha Chai Bondeni Kilombero

Washarika wengi wa Ifakara, Mang'ula na Mlimba huamini kwamba kumpa mgeni chai ni desturi yetu tangu zamani za mababu. Sivyo. Mababu waliopigana vita vya Maji Maji mwaka 1905 walimkaribisha mgeni kwa chakula na kwa pombe ya nafaka, na kule Iringa kwa ulanzi. Chai ni mgeni aliyekuja baadaye, akakaa, akawa mwenyeji kuliko wenyeji. Leo hakuna msiba, kikao cha wazee wa kanisa wala semina ya wainjilisti inayokwenda bila chai. Kitu kilichoingia hivyo hadi uani mwa Kanisa kinastahili kuulizwa kilikotoka.

Tuanze na majina yake. Neno chai lina asili ya Uchina, ambako majani hayo huitwa cha. Likapita Uajemi na India kabla ya kufika pwani yetu. Sukari tumeipata kwa Waarabu, nao waliipata upande wa India. Birika pia limekuja kwa njia ya Waarabu. Chapati ni ya Wahindi. Skonzi tunayonunua dukani asubuhi ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu ya Kiswahili. Labda kitumbua peke yake, kwa kuwa kimepikwa kwa mchele wa bonde letu, ndicho kinachoweza kusimama mezani pale na kudai kuwa ni mtoto wa nyumbani.

Waingereza hawakulima chai kwao, ila ndio walioipangia saa. Ilifika kwao katika karne ya 17, na binti mfalme wa Ureno, Catherine wa Braganza, alipoolewa na Mfalme Charles II mwaka 1662, wakubwa wakaanza kumwiga katika kuinywa. Ilikuwa ghali, ikifungiwa kwenye kijaluba chenye ufunguo. Mwaka 1784 serikali iliposhusha kodi ya chai kutoka zaidi ya asilimia 100 hadi 12 na nusu, maskini nao wakaanza kuipata. Kisha, kwenye miaka ya 1840, ikaja desturi ya chai ya alasiri. Inasimuliwa kwamba Anna, mke wa mtawala wa Bedford, alichoka kushinda na njaa kati ya chakula cha mchana na kile cha usiku, akaagiza aletewe chai na mkate saa kumi. Rafiki zake wakaitwa, na desturi ikaenea.

Hata leo, mtu akitembelea mji mdogo wa kale wa Uingereza, wenyeji hupenda kumpeleka kwenye mgahawa wa chai. Nyumba ni ya zamani, boriti za dari ziko chini, kitambaa cha meza ni cheupe, birika ni la kauri. Skonzi zao hukatwa katikati, zikapakwa jamu na krimu, na watu wa Devon na wa Cornwall wanabishana kwa dhati kuhusu kipi kitangulie. (Tusiwacheke. Nimekaa katika vikao vya Kanisa vilivyobishana mambo madogo kuliko hayo.)

Migahawa hiyo ina historia inayotugusa sisi Wakristo. Mwaka 1832, katika mji wa Preston, Joseph Livesey na wenzake sita walitia sahihi ahadi ya kuacha vileo kabisa. Walikuwa wameona mishahara ya wafanyakazi wa viwandani ikiishia kilabuni na watoto wakilala njaa. Chama chao kiliandaa karamu kubwa za chai, kwa sababu walitambua kwamba mtu hawezi kuambiwa aondoke kilabuni bila kuonyeshwa pa kukaa. Mwaka 1864 kampuni moja ya mikate ilianza kuuza chai katika duka lake jijini London, na migahawa ya namna hiyo ikaongezeka. Mwanamke aliweza kuingia humo na kuketi peke yake bila kusemwa vibaya, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa gumu.

Lakini kikombe hicho kilikuwa na sukari, na hapo ndipo habari inapokuwa nzito.

Sukari ya Waingereza ilitoka visiwa vya Karibi, na walioilima walikuwa Waafrika watumwa. Mwaka 1791 Bunge la Uingereza lilipokataa muswada wa William Wilberforce wa kukomesha biashara ya watumwa, maelfu kwa maelfu ya watu waliamua kuacha sukari ya visiwa vile. Wengi walioongoza uamuzi huo majumbani walikuwa wanawake. Hawakuwa na kura, ila walikuwa na ufunguo wa kabati la sukari. Miaka ya 1820 Elizabeth Heyrick wa Leicester alikwenda nyumba kwa nyumba akiwasihi watu waiache tena. Watu hao walikunywa chai chungu kwa ajili ya wenzao ambao hawakuwahi kuwaona. Kabla yao John Wesley, mwaka 1746, alikuwa amewashauri waumini wake waache hata chai yenyewe, na fedha itakayookolewa wapewe maskini. Baadaye alirudi kuinywa, lakini swali alilouliza lilikuwa sahihi: kikombe changu kinamgharimu nani?

Tusidhani hayo ni ya mbali. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa tunavyoviita leo Mauritius na Réunion, ambavyo baadaye vilijaa mashamba ya miwa. Kilwa ilipokea watu kutoka bara ya kusini mwa nchi hii. Mungu pekee anawajua kwa majina.

Mche wa chai uliletwa kwetu na Wajerumani, kwanza kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, mwaka 1902, kisha Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1926, wakati wa Waingereza, na Mufindi ikawa nchi ya chai. Mufindi iko ukingoni mwa nyanda za juu, na ukingo huo unatazama bonde letu. Mvua inayonywesha chai ile inashuka kwa mito hadi Kilombero. Miwa nayo iko upande wetu wa kaskazini, ambako kiwanda cha sukari kilianzishwa Kidatu miaka ya 1960. Kwa hiyo anayekunywa chai Ifakara ana majani juu yake mlimani na sukari karibu na mlango wa bonde. Kikombe kilichozunguka dunia kimekuja kujazwa na majirani.

Nani aliyekinywa kwanza? Wakati wa mkoloni, chai ya saa kumi ilinywewa barazani kwa bwana shauri na kwa setla. Aliyechemsha maji, akapanga vikombe na kubeba sinia, aliitwa boi hata kama ana wajukuu, na kiti hakikuwepo kwa ajili yake. Kwa maoni yangu, jambo kubwa katika historia ya chai nchini mwetu si birika la barazani bali ile hoteli ya chai ya pembeni mwa soko, yenye benchi la mbao na karai la maandazi. Mvuvi, mwalimu na mbeba magunia hukaa benchi moja. Kabla ya daraja la Magufuli, waliosubiri pantoni kuvuka kwenda Mahenge walijuana hivyohivyo, kikombe mkononi.

Kanisa nalo liliipokea chai kwa furaha, likiiona ni badala ya pombe. Hapo lilifanya vema. Ila tumeichukua pia baraza ya bwana shauri bila kujua. Katika sharika zetu si ajabu kukuta meza mbili baada ya ibada: ofisini kuna chai ya maziwa, mayai na chapati kwa wageni rasmi, chini ya mwembe kuna chai ya rangi kwa waliobaki, ikiwa imebaki. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, aliwakemea watu kwa kiti tu. Na Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa kuwa mmoja alishiba na mwingine akabaki na njaa kwenye meza ileile waliyodai ni ya Bwana.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Neno hili la ukarimu tumelifanya jina la rushwa. Mwananchi anafuata haki yake, anaambiwa atoe chai. Mjane mwenye shauri la shamba la mpunga anajua maana yake bila kufafanuliwa. Sijui tutawaambia nini watoto wetu, wanaosikia neno hilohilo Jumapili kwa mwenyekiti wa maandalizi na Jumatatu dirishani.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika nchini kote na bei ikapanda hata kwetu tunaoishi jirani na miwa. Katika ushirika mmoja wa bondeni akina mama wa jikoni walikuwa na sukari ya kutosha meza ya ofisini tu. Waliimimina yote kwenye sufuria kubwa la nje. Wageni wa jimbo walikunywa chai ileile, na utamu wake ulikuwa wa kutafuta kwa ulimi. Jumapili iliyofuata mzee mmoja alileta nusu kilo ya sukari kama sadaka. Iliponadiwa nje ya kanisa ilipita bei ya jogoo. Aliyeinunua hakwenda nayo nyumbani. Aliipeleka jikoni, akaomba kikombe.