Fidia ya Utwaaji wa Ardhi: Kagerankanda na Nyanda za Juu za Kigoma

Fidia ya utwaaji wa ardhi ni malipo ambayo Serikali inawajibika kumlipa mtu inayemwondoa kwenye ardhi aliyokuwa akiikalia au kuitumia, ardhi hiyo inapohitajika kwa manufaa ya umma kama vile barabara, shule, kambi au hifadhi. Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwananchi humiliki haki ya kuikalia na kuitumia, iwe kwa hati ya Serikali au kwa mila. Kagerankanda, katika Wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma, ni mahali pazuri pa kuichunguza haki hii, kwa sababu wakulima wa huko wamekuwa na mgogoro wa muda mrefu na mamlaka ya misitu kuhusu Hifadhi ya Msitu wa Makere Kusini. Mgogoro huo, pamoja na historia ya Kasulu na Kibondo kwa jumla, unaonyesha kwamba kabla ya kufika kwenye kiasi cha fedha, haki ya mkaaji huamuliwa na tarehe: alianza kulima lini, na ardhi ile iligeuzwa hifadhi lini, kwa taarifa gani.

Msingi wa haki

Ibara ya 24 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na inakataza kumnyang'anya mali hiyo bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kinga hiyo haimhusu mkulima asiye na hati. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, iliiondoa dhana hiyo. Jaji Mkuu Francis Nyalali alieleza kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba aliyeitolea ardhi jasho lake anastahili fidia hata kama hakujenga nyumba wala kupanda mazao ya kudumu. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zilifuata mkondo huo. Ya kwanza inataka ukaaji wa muda mrefu unaotambulika ulindwe, na fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Ya pili inahesabu kuwa ardhi ya kijiji hata ile ambayo wanakijiji walikuwa wakiikalia na kuitumia mfululizo kwa miaka 12 kabla ya sheria kutungwa, isipokuwa ardhi ya hifadhi. Inasema pia kwamba ardhi ya kijiji haihamishwi kuwa ya jumla au ya hifadhi mpaka pawe na makubaliano juu ya aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kuilipa na muda wa malipo. Eneo likiwa halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupokea maoni ya kijiji.

Namna fidia inavyokokotolewa

Kanuni za Sheria ya Ardhi za mwaka 2001 zinataka thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake iwe msingi wa hesabu, kisha ziongezwe posho. Posho ya usumbufu hupatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa wastani wa riba ambayo benki hutoa kwa amana za miezi 12. Posho ya makazi ni pango la soko la mwezi mmoja mara 36, na mwenye biashara hulipwa faida halisi ya mwezi mara 36. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20. Kwa mfano, nyumba na kiwanja vikithaminiwa kwa shilingi 8,000,000, riba ikiwa asilimia 7 na pango la mwezi shilingi 40,000, mwenye nyumba atastahili 560,000 za usumbufu na 1,440,000 za makazi. Jumla itakuwa 10,000,000 kabla ya posho ya usafiri. Hesabu hiyo huanzia shambani: mthamini hupita na fomu yake akihesabu migomba, miti ya matunda na mibuni shina kwa shina, hupima kuta na bati, humpiga mwenye mali picha akiwa mbele ya mali yake, na mwisho fomu hutiwa saini mbele ya uongozi wa kijiji. Makaburi nayo yana utaratibu wake chini ya sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha makaburi. Asiyeridhika na kiasi anaweza kulifikisha shauri Mahakama Kuu. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka malipo yatolewe ndani ya miezi sita baada ya Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinisha uthamini. Yakichelewa yanazaa riba, na ikipita miaka miwili uthamini hurudiwa.

Tarehe katika nchi ya Waha

Utaratibu huu wote unamsaidia tu yule ambaye ukaaji wake umekubaliwa, na katika Kasulu na Kibondo kukubaliwa huko ndiko kugumu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya Waha, wenyeji wa wilaya hizo, katika makazi maalumu ili kuzuia malale, na nchi waliyoiacha ikarudi kuwa pori. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 operesheni ya vijiji iliwatoa tena watu kwenye mashamba yao ya asili na kuwapanga kando ya barabara. Pamoja na hayo, maeneo makubwa ya misitu na mapori, kama Moyowosi upande wa Kibondo, yaliwekwa chini ya uhifadhi. Ardhi nyingine ilitengwa kwa kambi: mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia 2015 Warundi wengi walipokelewa huko na katika kambi ya Nduta, Kibondo. Kila uhamisho wa wenyeji ulifanywa kwa amri ya Serikali, na kila mara uliacha mashamba yakionekana kama ardhi tupu. Mtu aliyerudi kulima alikolima babu yake anaweza kuitwa mvamizi, kumbe aliyemhamisha babu huyo ni dola yenyewe. Ndiyo maana tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye tangazo la hifadhi haitoshi kumhukumu. Inapasa kuulizwa pia nani alikuwapo kabla yake, na aliondokaje.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba fidia ya namna hiyo itawazawadia wavamizi wanaoingia msituni wakijua mpaka uko wapi. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa wapo wanaofyeka msitu kwa makusudi, na sheria haimlipi anayeingia kwenye ardhi iliyokwisha kuhifadhiwa. Lakini dawa yake ni ushahidi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yenyewe inataka madai ya watu waliopo yachunguzwe kabla msitu haujatangazwa kuwa hifadhi. Mamlaka yenye tangazo, ramani, alama za mpaka na kumbukumbu za uchunguzi huo haina cha kuogopa ikiulizwa. Isiyo navyo haiwezi kumtwisha mkulima mzigo wa kuthibitisha kila kitu, kwa sababu ofisi zinazotunza kumbukumbu ni za Serikali, wala hazikuwahi kuwa za mkulima. Pingamizi la pili ni la uhifadhi: vyanzo vya maji vya bonde la Malagarasi, ambalo pamoja na Muyovozi limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu tangu mwaka 2000, vikiharibiwa, hasara itawafikia wengi kuliko wakulima wa kijiji kimoja. Hoja hiyo inathibitisha haja ya kutwaa ardhi, na palipo na haja ya umma ndipo fidia inapodaiwa. Kama msitu unalinda maji ya wote, gharama yake haiwezi kubebwa na kaya chache zilizokuwa zikilima pale.

Pingamizi la tatu ni uhaba wa fedha, kwamba barabara na huduma zitakwama kila mti ukilipiwa. Sheria ya Ardhi ililiona hilo na kuanzisha Mfuko wa Fidia ya Ardhi. Zaidi ya hayo, kutolipa hakufuti gharama. Kunaihamishia kwa mkulima, kisha kunairudisha serikalini kwa sura ya riba, uthamini wa kurudia, kesi na migogoro isiyokwisha. Serikali yenyewe imekwisha kukiri kwamba mipaka ya karatasi haitoshi. Mwaka 2019 Rais John Magufuli alisimamisha uondoaji wa vijiji vilivyokuwa ndani ya hifadhi na kuunda kamati ya mawaziri wanane kupitia migogoro hiyo. Huko Makere Kusini pia, sehemu ya msitu iliachiwa wananchi kwa kilimo. Hatua hizo zilileta nafuu, ila nafuu inayotegemea uamuzi wa kiongozi inaweza kubadilishwa na kiongozi mwingine. Haki inayosimama juu ya kumbukumbu ina uhai mrefu zaidi.

Kwa hiyo ulinzi wa mkaaji wa Kagerankanda unaanza miaka mingi kabla mthamini hajafika. Unaanza na cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi bora ya ardhi, hati za hakimiliki ya kimila, mihtasari ya mikutano mikuu na ushahidi wa wazee ulioandikwa wakiwa hai. Kwa upande wake, Serikali inapaswa kuonyesha tangazo lake na uchunguzi wake kabla ya kuweka alama ya X ya kubomoa kwenye nyumba ya mtu, na kumlipa kabla ya kumhamisha. Katiba imekwisha kuitambua haki ya mkulima asiye na hati, na kanuni zimekwisha kueleza hesabu yake. Kilichobaki ni tarehe za mkulima kupewa uzito uleule unaopewa tarehe za hifadhi.