D-4, injini iliyokataliwa na gereji

Kwa mnunuzi wa gari la mtumba Dar es Salaam au Nairobi, maandishi juu ya injini ya Toyota yana uzito kuliko rangi ya bodi. Akisoma VVT-i, mazungumzo ya bei yanaendelea. Wakisoma D-4, wengi hufunga boneti. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana wengine hujihami ndani ya tangazo lenyewe: "si D4".

Teknolojia hizo ni karibu pacha kwa umri, na zote zilikusudiwa kubana mafuta. VVT-i ilitoka 1995. Shinikizo la oili hubadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu kulingana na mwendo. Aliyezoea kabureta alitakiwa tu kubadilisha oili kwa wakati, basi.

Mwaka uliofuata Mitsubishi ikatoa GDI kwenye Galant, na Toyota ikatoa D-4 kwenye Corona Premio. Hizi zilikwenda mbali zaidi: petroli haikupuliziwa tena kwenye njia ya hewa, ilirushwa ndani ya silinda yenyewe. Injini ya kawaida huchoma kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 hivi za hewa. GDI, gari likienda taratibu, iliweza kufika kilo 40.

Ubanaji huo ulikuwa na masharti. GDI ilihitaji pampu ya pili, yenye shinikizo la bar 50, wakati mifumo ya kawaida huridhika na bar tatu hivi. Ncha ya nozeli ilikaa motoni. Na kwa kuwa petroli haikupita tena kwenye valvu za hewa na kuziosha, masizi yalijijenga pale.

Kisha magari hayo yakavuka bahari, yakakutana na petroli yetu. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006 tu. Tanzania ilikuwa na uchakachuaji: mafuta ya taa, yenye kodi ndogo, yalichanganywa na petroli, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kutia mafuta vinasaba vya kuyatambua mwaka 2010 na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa 2011. Kenya ilichukua njia kama hiyo 2018, kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Huku nyuma, D-4 ikinyweshwa petroli hiyo, gari linatetemeka kwenye taa za barabarani, fundi anabadilisha plagi, hali ni ileile. Baadhi waliing'oa D-4 nzima na kufunga injini ya kawaida.

Husemwa kwamba madereva wetu wanaogopa teknolojia. Sikubali. Ni haohao walioimeza VVT-i bila kelele. Isitoshe, Mitsubishi haikuipeleka GDI Marekani, na salfa nyingi katika petroli ya huko ilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2005 Toyota nayo ikaleta D-4S, ikirudisha nozeli ya pili kwenye njia ya hewa. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, hawakuwa wamekosea sana.

Siku hizi Wakenya wanaigombania Mazda CX-5, ambayo injini yake ya petroli hurusha mafuta ndani ya silinda vilevile. Imeachana tu na ule mchanganyiko mwembamba wa 40 kwa moja, na petroli inayoikuta bandarini si ile ya zamani.