Kumtafuta Paka Katika Mitaa ya Lamu

Katika miji ya kale ya mwambao wetu, ambayo nyumba zake zilijengwa kwa matumbawe na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko, hapakuwa na mnyama aliyeruhusiwa kuingia na kutoka kila mlango isipokuwa paka. Na kwa kuwa alikuwa na hisa katika nyumba nyingi, kupotea kwake hakukuwa hasara ya mwenyewe peke yake, bali lilikuwa jambo la mtaa mzima. Vitabu vya tarehe ya Lamu vimejaa habari za vita na masultani, wala havikumpa paka wasaa. Walakini mtu akiizingatia biashara ya mji ule, sheria ya dini yake na ujenzi wa nyumba zake, ataona dhahiri kwamba desturi ya kumtafuta paka ilisimama juu ya misingi mitatu, na yote ni ya kale.

Msingi wa kwanza ni ghala. Ukoo wa paka wa nyumbani watokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini, aliyevutwa majumbani na panya waliofuata nafaka. Na katika kisiwa cha Kupro wataalamu walitangaza mwaka 2004 habari za kaburi la mtu aliyezikwa karibu na paka takriban miaka 9,500 iliyopita. Panya mweusi naye ni mgeni katika pwani yetu: alivuka Bahari ya Hindi ndani ya vyombo vya biashara, na mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyostawi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ndiyo maana manahodha walisafiri na paka ili ailinde shehena, na mfanyabiashara wa Lamu aliyelimbika mtama na ufuta katika vyumba vya chini, akingoja upepo wa kusi, alijua kwamba usiku mmoja bila paka ni karamu ya panya. Jirani aliyetoka kumsaidia hakuwa akifanya ihsani tu, maana panya hajui mpaka wa ukuta, na ghala la mmoja likivamiwa leo, la mwenzake litavamiwa kesho.

Msingi wa pili ni sheria. Waislamu wa pwani, ambao aghalabu hufuata madhehebu ya Shafi, walirithi habari ya Kabsha binti Kaabu, aliyemwona mkwewe Abu Katada akiinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, na alipostaajabu akaambiwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaowazungukia watu majumbani mwao. Kadhalika walifundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, mpaka akafa. Mafundisho hayo mawili yalimpa paka haki ya kuzunguka na haki ya kutofungiwa. Na kutokana nayo jirani alipata wajibu ulio wazi, kwamba asikiapo paka wa fulani hajaonekana, kwanza afungue ghala lake mwenyewe atazame, asije akawa amemfungia bila kujua. Sheria ile ile iliweka na adabu ya kutangaza, kwani hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim yakataza kumnadi mnyama aliyepotea ndani ya msikiti, kwa sababu misikiti haikujengwa kwa ajili hiyo. Mahali pa kuuliza palikuwa nje, barazani, watu wakiisha kusali. Mbiu, pembe ile iliyopigwa ili watu wasikilize mgambo, ilikuwa ya mambo mazito ya mji. Paka alitosheka na vinywa vya wazee wa baraza na miguu ya watoto.

Msingi wa tatu ni nyumba zenyewe. Katika mtaa wa Mkomani nyumba zimeshikana kuta, na juu ya njia nyembamba vimejengwa vyumba viitwavyo wikio, vinavyounganisha nyumba ya upande huu na ya upande wa pili. Wanawake wa nyumba za waungwana, ambao zamani hawakutembea njiani mchana bila ya haja, walikuwa na mapito yao ya juu baina ya nyumba za jamaa, na paka alipita humo humo. Kwa hiyo msako ulikuwa na tabaka mbili: wanaume na watoto chini, wakienda daka kwa daka, yaani ukumbi wa mlango mmoja hadi mwingine, na wanawake orofani, wakiulizana, “Bibi, paka wetu hakupita kwenu?” Mara nyingi waliokuwa juu ndio waliopata jawabu. Huko katika mtaa wa Langoni, penye nyumba nyingi za makuti, ilitosha kuchungulia nyuani. Na aliyekosa kote alishuka pwani kwenye vyombo, kwani harufu ya samaki humpandisha paka jahazini, na jahazi halingoji.

Lakini si kila paka aliyetoweka alipotea. Paka mwizi wa samaki alitiwa kapuni na kwenda kutupwa mbali, na mwenye kumtafuta alitakiwa kuuliza bila kutuhumu, ingawa moyoni alimjua aliyechoka. Edward Steere, katika ngano za Waswahili alizozichapisha mwaka 1870, aliihifadhi ile ya Sultani Majinuni, aliyepuuza kila shitaka juu ya paka wake, akisema paka ni wake na vilivyoliwa ni vyake, hata paka akawa nunda mla watu na kuwaua wana wa sultani mwenyewe. Ngano hiyo ina insafu kubwa: asiyesikiliza malalamiko ya majirani siku paka wake yupo, hana hoja ya kuwaita siku paka hayupo.

Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na kwa heshima hiyo kuta, milango na wikio vimepata walinzi. Desturi ya ujirani haina mlinzi ila sisi. Siku hizi picha ya paka hupelekwa kwa simu na kuwafikia watu wengi kwa dakika moja, na hilo ni jambo jema. Walakini picha haifungui ghala la mtu, wala haipandi orofani kuuliza. Basi, ewe msomaji, ukipigiwa hodi na mtoto wa jirani anayemtafuta paka wake, usimjibu kwa kutikisa kichwa mlangoni: chukua ufunguo, fungua vyumba vyako, mtazame pamoja.